Kupamba Ukuta kwa Diwali: Mapambo ya Kujitengenezea Yanayopendeza Usiku

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Upanga, Dar es Salaam, sote jengoni tunamwita Ba, yaani mama au bibi kwa Kigujarati. Miaka ya mwanzo nilipoanza kumtengenezea mapambo ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, nilikuwa nikimpelekea mchana. "Shikamoo, Ba." "Marahaba, dikra," yaani mwanangu. Analipokea pambo, anashukuru, analiegemeza ukutani, kisha hasemi kitu. Kumbe alikuwa anangoja magharibi. Giza likiingia alizima taa zote za umeme, akawasha taa moja ndogo ya udongo, akaiweka chini ya lile pambo na kurudi nyuma hatua nne. Hapo ndipo aliposema zuri au baya. Mengi niliyoyaona ya kuvutia mchana yaligeuka doa jeusi tu.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hatua zake nne. Diwali huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, mwishoni mwa mwezi wa Aso kwa kalenda ya Wagujarati, kati ya Oktoba na Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Novemba. Kwa kuwa angani hakuna mwanga, nyumba ndiyo inayoutoa: diya, yaani vitaa vya udongo vyenye utambi wa pamba na samli au mafuta, hupangwa mlangoni, madirishani na barazani. Ukuta unapaswa kuudaka mwanga huo na kuurudisha. Ukilishika hilo, uamuzi wa rangi, vioo na mahali pa kutundika unakuwa mwepesi.

Rangi chini ya moto wa utambi

Mwanga wa diya una manjano na wekundu mwingi, na buluu kidogo sana. Ndiyo maana buluu na zambarau, hata zikiwa kali kiasi gani dukani, usiku hudidimia na kuwa kama nyeusi. Nyeupe, manjano, rangi ya chungwa na nyekundu hubaki hai, na chochote king'aacho, iwe kioo, karatasi ya dhahabu au uzi wa zari, hung'aa maradufu. Kama unapenda buluu, iwe mandhari ya nyuma, na juu yake uweke nyeupe au dhahabu.

Jambo la pili ni vivuli. Moto ukikaa chini na karibu na ukuta, mwanga wake hupanda ukiparuza uso wa ukuta, na kila kilichoinuka hata kwa nusu sentimita hutoa kivuli. Kwa hiyo pambo lenye miinuko hushinda picha iliyochorwa bapa. Nitaanza na kazi inayotumia siri hiyo kuliko zote.

Lakini kwanza ukuta wenyewe. Nyumba za Kihindi husafishwa kwanza, juu hadi chini, ndipo zipambwe, na hilo ni sehemu ya sikukuu yenyewe. Futa utando wa buibui, osha ukuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, acha ukauke siku nzima. Pwani tazama kama ukuta unatoa chumvi, ule unga mweupe unaochipuka kwenye rangi. Hapo gundi haitashika, hata uwe na gundi ya namna gani, basi tundika kwa kamba kutoka juu badala ya kubandika. Na kwa wanaoishi kwenye nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mombasa ya zamani: tafadhali usigongomee msumari kwenye plasta ya chokaa. Humeguka kipande kizima. Tafuta boriti, kizingiti cha mbao, au ndoano iliyowekwa tangu zamani.

Lippan: udongo na vioo vya Kutch

Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, hasa Kutch na Kathiawar. Huko Kutch, ukingoni mwa jangwa la chumvi, kuna nyumba za duara za udongo ziitwazo bhunga. Ndani yake wanawake hupamba kuta kwa kamba nyembamba za udongo uliochanganywa na samadi, na katikati hukandamiza vipande vidogo vya kioo. Kazi hiyo huitwa lippan, neno linalotokana na kupaka au kukandika. Usiku, taa moja ikiwashwa, chumba kizima humetameta kwa vile vioo. Waislamu wa huko, wakiwemo Wamutwa, nao ni mafundi wake wakubwa. Wao huacha sura za watu na wanyama na kushika maumbo ya hesabu: miduara, pembe, majani yanayojirudia. Mtu aliyezoea nakshi za milango yetu ya pwani atajisikia nyumbani.

Hatutakandika ukuta wa nyumba ya kupanga. Tutatengeneza duara la mbao la kutundika. Hivi ndivyo vitu utakavyohitaji:

- Ubao wa duara wa MDF au plaiwudi, kipenyo cha sentimita 45, unene wa milimita 6 au zaidi. Mwambie seremala akukatie kutoka kwenye mabaki.
- Pati ya ukuta, ule unga mweupe ambao mafundi rangi hulainishia ukuta, vikombe viwili.
- Gundi nyeupe ya mbao, robo lita.
- Vioo vidogo vya mapambo vya kushonea nguo, vya duara, vipande 50 (utatumia 42, vingine huvunjika), na kimoja kikubwa cha sentimita 4 au 5 cha katikati. Kariakoo na Mtaa wa Biashara, Mombasa, ulizia kwenye maduka ya vifaa vya cherehani.
- Rangi nyeupe ya maji kidogo, brashi mbili, msasa, penseli, uzi na rula.

Ukikosa vioo, sidii za zamani zinafaa. Zitumbukize kwenye maji ya moto dakika chache kabla ya kukata kwa mkasi, la sivyo zinapasuka vibaya. Ila sidii hutoa rangi za upinde wa mvua, na mimi napenda zaidi kioo cha kweli kwa sababu kinarudisha moto kama ulivyo.

Neno moja kuhusu unga wa ngano na chumvi, ambao wengi hushauri badala ya pati. Bara, kwenye hewa kavu, unaweza kukufaa. Pwani usijisumbue. Diwali huja na mvua za vuli, chumvi hufyonza unyevu, pambo linalegea, na mende na sisimizi wanaupenda mno.

*Kuandaa ubao.* Piga msasa uso na kingo. Changanya gundi na maji sawa kwa sawa, paka mkono mmoja, acha ukauke saa mbili. Hii huzuia ubao usinywe maji ya pati na kuifanya ipasuke. Halafu paka rangi nyeupe mikono miwili. Wengine hupaka kahawia au nyekundu ya udongo; inapendeza pia, lakini nyeupe juu ya nyeupe ndiyo inayonisisimua. Mchana utadhani hakuna kitu, usiku vivuli vinaleta mchoro wote.

*Kuchora.* Tafuta kitovu cha ubao, gonga msumari mwembamba, funga uzi na penseli. Chora miduara minne yenye nusu kipenyo cha sentimita 5, 10, 15 na 20. Kugawa duara ni rahisi kuliko inavyoonekana. Bila kubadilisha urefu wa uzi au bikari uliochorea duara la nje, weka ncha popote kwenye mstari wa duara hilo, pima hatua hiyo hiyo kwenye mstari, hamia alama mpya, endelea. Hatua ya sita itarudi ulipoanzia bila pengo. Sasa una sehemu sita. Gawa kila moja katikati upate kumi na mbili, na tena katikati upate ishirini na nne. Unganisha alama zote na kitovu kwa mistari hafifu.

Kwenye mkanda wa kwanza, kati ya duara la sentimita 5 na la 10, weka alama za vioo sita. Mkanda wa pili, kumi na viwili. Mkanda wa nje, ishirini na vinne. Pamoja na cha katikati, jumla 43. Kwenye mkanda wa pili chora petali moja kuzunguka kila kioo, ncha ikielekea nje. Usiongeze kingine kwa penseli. Vingine vitakuja vyenyewe mikononi.

*Kukanda.* Weka unga wa pati bakulini, mimina gundi kama nusu kikombe, changanya, kisha ongeza maji kijiko kwa kijiko huku ukikanda. Unataka donge kama la chapati: halishiki vidole, halimeguki. Jaribio langu ni kuviringisha kamba ya urefu wa kiganja na kuikunja nusu duara. Ikipasuka mgongoni, ongeza gundi kidogo, si maji. Ikilala kama tambi iliyopikwa sana, ongeza unga. Donge lote lifunikwe kwa kitambaa kibichi, utoe kipande kimoja kimoja. Liache wazi robo saa uone linavyokuwa jiwe.

*Kubandika vioo.* Huu ndio ufundi wenyewe, na ndipo watu wengi huharibu. Wanabandika vioo vyote bapa, vikitazama upande mmoja. Matokeo yake, mtu akisimama mahali fulani vyote vinawaka, akisogea hatua moja vyote vinazima. Ba alilitazama duara langu la kwanza na kuniuliza kwa nini nimetengeneza sahani. Nilichojifunza ni hiki: kati ya kila vioo vitatu, kimoja kiinamishe. Weka chembe ya donge, kubwa kama punje ya mchele, chini ya ukingo mmoja wa kioo, paka gundi, kandamiza. Kimoja kiiname juu, kinachofuata kushoto, kingine kulia. Sasa mtu akipita chumbani, cheche zinamfuata, zinahama kioo hadi kioo. Acha gundi ishike saa nzima kabla ya kuendelea.

*Kamba.* Viringisha donge juu ya sinia au kigae kwa vidole vilivyonyooka, hadi kamba iwe nene kama penseli nyembamba, milimita 4 au 5. Paka gundi kwa brashi kwenye mstari wa penseli, laza kamba, ishindilie taratibu kwa kidole kilicholowa. Anza na kioo cha katikati kisha toka nje, mkono wako usije kuburuza ulichokwisha kubandika. Kila kioo kizungushie kamba ambayo imepanda kidogo ukingoni mwake. Hiyo ndiyo itakayokishika miaka yote, hata gundi ikichoka. Miduara mikubwa ifuate, halafu petali. Nafasi zilizobaki jaza kwa vitone, mistari ya mshazari, au mashina yenye majani mawili mawili. Ukichoka, funika ubao kwa plastiki na kitambaa kibichi juu yake, uendelee kesho.

*Kukausha.* Kivulini, ubao umelazwa, siku mbili hadi tatu msimu wa vuli. Jua kali hukausha uso kabla ya ndani, na hapo nyufa haziepukiki. Feni ya mbali inasaidia. Nyufa ndogo zikitokea usihuzunike: changanya pati na maji iwe kama uji mwepesi, ingiza kwa brashi nyembamba, futa ziada. Mwisho paka rangi nyeupe juu ya kamba zote, kisha safisha kila kioo kwa njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba yenye maji. Hatua hii ya mwisho huchukua karibu saa nzima na inachosha, lakini kioo chenye ukungu wa rangi ni kioo kipofu.

Duara likikamilika litakuwa na uzito, usilitundike kwa gundi ya kubandika. Toboa ukuta kwa drili, weka fisha na skrubu mbili, na nyuma ya ubao funga waya imara. Liwe kwenye usawa wa kifua, si juu karibu na dari kama picha ya ukoo, kwa sababu moto utakuwa chini yake.

Toran: kamba ya majani na maua

Toran hukaa juu ya mlango, na ndiyo inayomkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa heri na mali, na wageni wengine wote. Tengeneza asubuhi ya siku yenyewe au jioni ya kuamkia.

Majani ni ya mwembe, au ya mti ambao Wagujarati huuita asopalav: ule mrefu mwembamba wa majani yenye ncha na kingo za mawimbi, uliopandwa kwenye nyua na kando ya barabara Dar es Salaam na Mombasa, ambao watu wengi huuita mwashoki. Umeuona mara elfu. Omba ruhusa kwa mwenye ua, chuma majani yaliyokomaa yenye kijani kilichoiva. Machanga hunyauka kabla ya wageni kufika. Yaloweke nusu saa kwenye maji, yafute moja moja.

Pima mlango. Wa sentimita 90 unahitaji kamba ya mita moja na robo ukihesabu ya kufungia pande zote. Ukiyapanga kila sentimita 6, majani 15 yanatosha, na ni hesabu ya witiri, ambayo wengi huipendelea. Kunja kishingo cha jani juu ya kamba ya katani, likumbatie, kisha libane kwa kipande kifupi cha chelewa, ukilipenyeza na kulitoa kama pini. Chelewa haipati kutu wala haichomi mkono wa mtoto.

Katikati ya majani huja maua ya galgota, yale ya manjano na rangi ya chungwa yenye petali nyingi zilizobanana. Chukua sindano ndefu na uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili, uingize kwenye kikombe cha kijani chini ya ua na utokee katikati ya petali. Maua matano matano yaning'inie kati ya jani na jani. Aliyelelewa akitunga vikuba vya asumini hahitaji kufundishwa hapa, mikono yake inajua. Asumini yenyewe unaweza kuichanganya mwishoni mwa kila uzi, kwa harufu, ila jua kwamba itaishi usiku mmoja tu wakati galgota huenda siku mbili tatu ukiinyunyizia maji asubuhi na jioni.

Galgota zikikosekana, tumia karatasi ya krepu. Kata ukanda wa sentimita 5 kwa 50, chanja ukingo mmoja kwa mkasi kama shada la katani hadi nusu ya upana, viringisha, funga chini kwa uzi, kisha fungua petali kwa vidole. Changanya kanda za manjano na chungwa kwenye ua moja. Yakikusanywa kwenye nyuzi za mita moja na nusu na kuning'inizwa wima, tisa au kumi na moja sambamba, yanafunika ukuta mtupu wa nyuma ya kochi kwa gharama ndogo sana. Yawe mbali na moto, nitalirudia hilo.

Kando ya mlango familia nyingi huandika શુભ upande wa kushoto na લાભ upande wa kulia kwa anayeingia. Husomwa shubh na labh, heri na faida. Wafanyabiashara wa Kigujarati siku hiyo huvifanyia ibada vitabu vyao vya hesabu, na utaelewa kwa nini maneno hayo mawili hukaa pamoja mlangoni. Yakate kwa karatasi ngumu ya manjano, yabandike juu ya duara jekundu. Nyayo ndogo za Lakshmi, zikielekea ndani, ni za sakafuni kizingitini, usizibandike ukutani.

Kitambaa chekundu, mistari myeupe

Kama ukuta ni mkubwa na mkono wako hauna uzoefu, hii ndiyo kazi ya kuanza nayo. Wawarli ni watu wa kaskazini mwa Maharashtra na kusini mwa Gujarat. Tangu zamani walichora kuta za nyumba zao kwa uji mweupe wa mchele juu ya udongo mwekundu, hasa wakati wa harusi. Miaka ya 1970 mchoraji wa Kiwarli, Jivya Soma Mashe, alianza kuchora nje ya sherehe, kwenye karatasi na vitambaa, na dunia ikamjua. India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2011, akafariki mwaka 2018. Si sanaa ya Diwali kwa asili yake, lakini siku hizi nyumba nyingi huitumia kupamba wakati wa sikukuu, na chini ya diya inasomeka vizuri ajabu.

Nunua mita moja na nusu ya marekani. Ifue kwa maji moto itoe wanga, ipige pasi. Chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa chepesi upate kikombe kimoja cha vumbi laini, changanya na nusu kikombe cha gundi nyeupe na maji hadi iwe kama maziwa mazito. Paka kitambaa chote, kikiwa kimevutwa na kubanwa juu ya ubao au meza iliyofunikwa plastiki. Kikikauka paka tena.

Nyeupe ya kuchorea: vijiko vitatu vya unga wa mchele, kijiko cha gundi, maji kidogo. Tengeneza ya kutumia siku hiyo hiyo, ikikaa huchacha. Kalamu ni kijiti cha mshikaki, ncha yake imepondwapondwa kwa jiwe iwe kama mswaki.

Maumbo ni matatu tu: duara, pembetatu na mraba. Mwili wa mtu ni pembetatu mbili zinazogusana ncha kiunoni. Kichwa kitone, mikono na miguu mistari. Chora kwanza mzunguko mkubwa wa wachezaji walioshikana mikono, ukijizungusha kama kombe la konokono, na katikati yake mpiga tarpa, ile zumari ndefu yao. Watoto wapewe kazi ya kuongeza ndege, miti na nyota. Usiwasahihishe. Juu na chini ya kitambaa shona mfuko wa kupitishia fimbo, funga kamba, tundika.

Nusu kandili

Wamarathi wa Maharashtra huning'iniza nje taa ya karatasi wanayoiita akash kandil, kandili ya angani. Neno ni lile lile letu, sote tumelipata kutoka Kiarabu. Ya ukutani huwa nusu: fremu ya vijiti vya mianzi yenye pande tatu tu, mgongo wazi ukigusa ukuta, karatasi nyembamba ya manjano au nyekundu pande zote, na mikia ya karatasi sentimita 40 chini. Ndani weka kibalbu cha LED au mzingo wa taa za mapambo. Kamwe usiweke mshumaa.

Kupanga moto

Sasa zima taa za umeme, ukiwa na siku mbili mkononi za kurekebisha.

Chini ya duara la lippan weka meza fupi, juu yake sinia la shaba au la bati lenye mchanga, na diya tatu hadi tano kwenye mchanga huo. Ziwe kama sentimita 30 kutoka ukutani. Karibu zaidi masizi yatapanda na kuacha ulimi mweusi kwenye rangi. Mbali zaidi vivuli vya kamba vinafifia. Sogeza sinia kidogo kidogo huku mwenzako amesimama nyuma hatua nne, yeye ndiye atakayekuambia lini mchoro umetokeza. Mimi hufanya hivi kila mwaka, na kila mwaka mahali panapofaa huwa tofauti na nilivyokisia.

Kitambaa, toran na maua ya karatasi havikai juu ya moto wala pembeni mwake ambako upepo wa feni unaweza kuvipeleka. Mwanga wao utoke kwenye taa za LED, au kwenye diya zilizo upande wa pili wa chumba. Mapazia yafungwe kwa fundo. Samli au mafuta yakishika moto kwenye sinia usimwage maji, yatarusha moto. Funika kwa mfuniko mkubwa wa sufuria, uuweke pale pale tangu mwanzo. Chumba kisiachwe bila mtu mzima. Na nyaya za taa za mapambo zisipite chini ya zulia, wala ekstensheni moja isibebe kila kitu cha nyumba.

Mapambo yatakaa siku tano hivi: kuanzia Dhanteras, kupitia Kali Chaudas na usiku wa Diwali wenyewe, hadi Bestu Varas, mwaka mpya wa Kigujarati ambapo majirani hugongeana milango kusema "Sal Mubarak", na mwisho Bhai Bij, siku ya kaka na dada. Galgota za siku ya kwanza hazitafika ya tano, hivyo weka akiba ya maua kwenye kitambaa kibichi ndani ya friji, ubadilishe toran asubuhi ya mwaka mpya.

Kushusha na kutunza

Majani na maua ya toran hayatupwi pamoja na takataka za jikoni. Ba huyazika kwenye vyungu vyake vya mrihani, nami nimeiga. Kitambaa cha Warli kiviringishwe kwenye fimbo yake, upande wenye picha ukiwa nje, maana ukikunjwa rangi ya udongo hupasuka kwenye mikunjo. Lippan ifunikwe kwa khanga ya zamani na kusimamishwa wima kabatini, bila kitu cha kuiegemea usoni. Kabla ya Diwali inayofuata, gonga kila kioo taratibu kwa ukucha. Chenye sauti ya kucheza kimeachia gundi. Dondoshea tone pembeni kwa njiti, acha lizame, kandamiza kwa dakika moja. Vioo vilivyobaki kwenye pakiti viweke kwenye bahasha, ubandike nyuma ya ubao.